Gauni la Harusi Si Mizani



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hulifanyia mzaha mbele ya watu, kisha likaumiza faraghani. Nalo ni uzito wa mwili tunapovuka miaka arobaini. Wengine watasema hilo ni la daktari, linaingiaje katika ukurasa wa ndoa? Nami nitajibu kwamba mume na mke hula chungu kimoja, na mmoja wao akiugua, ni mwenzake anayekesha naye. Basi jambo hili ni letu sote wawili.

Nitaanza na nyumba yangu mwenyewe, maana anayefundisha wengine na kuficha yake hafundishi vizuri.

Tulipokaribia kutimiza miaka 20 ya ndoa, mama watoto alilitoa sandukuni gauni lake la harusi. Siku alipolivaa alikuwa na miaka 25 na kilo 56. Sasa alikuwa na miaka 45, na kilo zake zilikuwa 84. Gauni likakwama mabegani. Mimi, badala ya kunyamaza, nikasema mbele ya dada yake na majirani waliokuja kupanga sherehe, "Hilo sasa labda uvae mkono mmoja." Watu wakacheka. Yeye naye akacheka. Kumbe kilikuwa kicheko cha mtu aliyechomwa.

Tangu siku ile alianza kubadilisha nguo gizani. Sikuelewa. Aliazimia moyoni kurudi kilo 56 katika miezi mitatu, asimwambie mtu. Asubuhi alitupikia mahamri na mbaazi, sisi tukala, yeye akanywa chai ya rangi. Mchana maji matupu. Jioni alisema ameshiba kwa kuonjaonja jikoni. Tena alinunua kwa mchuuzi majani ya kuchemsha, eti ya kusafisha tumbo. Wiki ya tatu, alfajiri moja akiteremka na umati kwenda kupanda feri hapa Likoni, macho yakaingia kiza, akaanguka. Watu wema walimwinua na kumnywesha maji ya sukari. Nilipofika hakunilaumu. Alisema tu, "Baba watoto, nilitaka unione kama zamani."

Siku chache baadaye tulikwenda zahanati pamoja. Muuguzi alimpima presha, ilikuwa nzuri. Kisha akanigeukia mimi niliyekuja kumsindikiza mgonjwa: "Na wewe mzee, keti hapa." Presha yangu ilikuwa 156 kwa 98. Kilo 88, na kiuno sentimita 106. Wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Niliyemcheka mwenzangu ndiye niliyekuwa karibu zaidi na kiharusi.

Somo hili limetoka katika aibu hiyo. Tutaangalia jinsi mwili unavyobadilika, lengo gani la uzito linawezekana, na jinsi wawili wanavyoweza kulifikia bila kuumizana.

MWILI HAUDANGANYI, UNABADILIKA

Watu wengi huamini kwamba mtu akifika miaka arobaini, moto wa mwili hupoa, hivyo hata akila kidogo atanenepa tu. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti uliowapima watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia vitoto vya siku chache hadi wazee wa miaka 95. Ilionekana kwamba nguvu ambazo mwili hutumia, ukizingatia ukubwa wake, hukaa karibu palepale kuanzia miaka 20 hadi 60. Baada ya 60 ndipo hupungua, tena polepole, chini ya asilimia moja kwa mwaka.

Basi kilo zinatoka wapi? Zinatoka katika mambo madogo yanayojirudia. Kijana aliyekuwa akitembea kutoka Mtongwe hadi feri sasa ana nauli ya bodaboda. Mama aliyekuwa akiteka maji kisimani sasa ana mfereji uani. Hayo ni maendeleo, tuyashukuru, lakini sahani imebaki ileile. Kilo moja na nusu tu kila mwaka, kwa miaka 20, ni kilo 30. Hakuna siku hata moja ambayo mtu aliamka akajiona amenenepa.

Liko jambo la pili. Tangu miaka ya thelathini mwili huanza kupoteza nyama ya misuli kidogo kidogo, na baada ya miaka 60 huipoteza kwa kasi zaidi. Mafuta huchukua nafasi yake. Ndiyo maana watu wawili wenye kilo sawa, mmoja wa miaka 25 na mwingine wa 55, hawana mwili sawa.

La tatu linawahusu akina mama. Damu ya mwezi inapokoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, mafuta yaliyokuwa yakikaa nyongani na mapajani huhamia tumboni. Waume, tafadhali lijueni hilo. Mwenzako hakuzembea, ni maumbile.

Wala tusidhani ni tatizo la mtaa wetu pekee. Uchunguzi wa afya ya jamii uliofanywa nchini Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 33 walikuwa na uzito uliozidi. Uchunguzi wa miaka mitano nyuma yake ulikuwa umewakuta 25.

LENGO LISILOWEZEKANA HUZAA KUKATA TAMAA

Tazameni hesabu ya mama watoto. Kutoka kilo 84 hadi 56 ni kutoa kilo 28, yaani theluthi nzima ya mwili wake. Nani atatoa theluthi ya mwili kwa miezi mitatu akabaki mzima? Mwili ukinyimwa chakula ghafla hula misuli yake wenyewe. Kisha mtu akichoka na kurudia kula, kilo hurudi, na nyingi za hizo huwa mafuta. Anabaki na kilo zilezile, lakini na nguvu pungufu kuliko alizoanza nazo.

Sasa sikilizeni habari njema. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa nchini Marekani juu ya watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ya damu ilikuwa imeanza kupanda. Kundi moja halikupewa dawa yoyote bali lilipewa malengo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kufanya mwendo wa dakika 150 kwa wiki. Kwa wastani walipunguza kilo 5 na nusu hivi, si zaidi. Hata hivyo, katika muda wa karibu miaka mitatu, idadi ya walioingia katika ugonjwa wa kisukari ilikuwa pungufu kwa asilimia 58 ikilinganishwa na wale ambao hawakupewa mpango huo. Waliokuwa na miaka 60 na zaidi walifaidika kuliko vijana: kwao pungufu ilikuwa asilimia 71.

Kilo tano na nusu! Hao hawakurudi kwenye gauni la harusi. Wengi wao bado walikuwa wanene. Lakini walijiepusha na ugonjwa ambao ungewala miguu, macho na figo. Presha nayo ni hivyo. Kwa wastani, kila kilo moja inayopungua hushusha ile namba ya juu ya presha kwa karibu alama moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, liweke hili akilini: lengo la mtu mzima si uzito wa ujana wake. Ni asilimia 5 hadi 10 ya uzito alio nao leo, kwa muda wa miezi sita hadi mwaka.

JINSI YA KUPATA LENGO LAKO

Kwanza, jua ulipo. Chukua kilo zako, ugawanye kwa urefu wako wa mita, kisha jibu uligawanye tena kwa urefu uleule. Mama watoto ana urefu wa mita 1.60. Kilo 84 kwa 1.60 ni 52.5, na hiyo kwa 1.60 ni karibu 33. Shirika la Afya Duniani husema kati ya 18.5 na 25 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 30 umezidi, na 30 kwenda juu ni unene wa hatari. Chini ya 18.5 ni wembamba uliopita kiasi, nao pia ni hatari.

Lakini usikifanye kipimo hiki kuwa hakimu. Kilibuniwa katika miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu wa Ubelgiji, ili kueleza watu wengi kwa pamoja, si kumtibu mtu mmoja. Hakitofautishi mafuta na misuli. Mchukuzi wa magunia sokoni Kongowea anaweza kuonekana mnene katika hesabu hiyo, kumbe ni misuli mitupu.

Pili, tumia uzi. Kipimo hiki hakihitaji shule wala pesa. Kata uzi wenye urefu wako kutoka kisigino hadi utosi. Ukunje katikati. Sasa uzungushe kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, tumbo lako limebeba mafuta mengi kuliko yanavyopaswa kuwa. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayozunguka ini na matumbo na kuleta sukari na presha. Mimi nina urefu wa sentimita 172, uzi wangu ukikunjwa ni 86, na kiuno changu kilikuwa 106. Ncha za uzi ziliachana kwa sentimita 20. Watoto walicheka, na safari hii nilistahili.

Tatu, fanya hesabu ya asilimia 5. Kwa mama watoto, asilimia 5 ya 84 ni karibu kilo 4. Basi lengo la kwanza likawa 80, si 56. Kwangu asilimia 5 ya 88 ni kilo 4 na kidogo, nami nikaweka 84. Tulijipa miezi sita. Ukifika hapo, pumzika, shikilia ulipofika kwa miezi michache, kisha uamue kama utaendelea. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza vilevile.

Nne, pima presha na sukari pia, maana hizo ndizo sababu ya kazi yote. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamegawiwa mikoba yenye mizani, mashine ya presha na kipimo cha sukari, wapite nyumba kwa nyumba. Muulize wa mtaa wako, iwe ni Chaani, Mtopanga au Shika Adabu.

WALIOVUKA SITINI

Hapa naomba wasomaji wazee wanisikilize kwa makini. Kwa mtu aliyevuka miaka 60 au 65, lengo hubadilika tena. Katika umri huo uzito uliozidi kidogo hauna hatari ileile uliyo nayo kwa mtu wa miaka 40, lakini kukonda kuna hatari kubwa. Mzee aliyekonda akianguka huvunjika, na akilazwa hana akiba ya mwili. Kwa wengi wao lengo jema ni kutoongezeka, kulinda nguvu za miguu, na kula chakula cha kujenga mwili kila siku: mbaazi, ndengu, kunde, dagaa, mayai, maziwa. Kipimo chao kizuri ni kiti. Je, unaweza kuinuka kitini bila kushika kitu? Fanya hivyo mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Hayo ni mazoezi tosha ya kuanzia.

Tena, yeyote anayepungua bila kutaka asishangilie. Ukipoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 na hukujinyima chakula, nenda hospitali. Inaweza kuwa kifua kikuu, kisukari, au ugonjwa mwingine ambao ukigunduliwa mapema hutibika au hudhibitiwa.

Na mwenye kutumia dawa za sukari au presha amwambie daktari kabla ya kupunguza chakula. Mwili ukipungua, huenda dawa nayo ikahitaji kupunguzwa, la sivyo sukari inaweza kushuka ghafla.

CHUNGU NI KIMOJA

Sasa tuingie jikoni. Wengi wetu husema, "Nitaanza kukimbia." Mwendo ni mzuri sana kwa moyo, kwa presha, kwa usingizi, na kwa kuzuia kilo zisirudi. Lakini mwendo peke yake hupunguza kilo chache. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, watu wa kuwinda na kuchuma, ambao wanaume wao hutembea kilomita zipatazo 11 kwa siku. Ilionekana kwamba nguvu wanazotumia kwa siku hazizidi zile za watu wa mijini wa Marekani na Ulaya, ukizingatia ukubwa wa mwili. Hivyo basi, miguu hulinda afya, lakini kilo huanzia sahanini.

Wala hatuhitaji vyakula vya kigeni. Tulichofanya nyumbani ni hiki.

Chai. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 12. Shirika la Afya Duniani husema ni bora zaidi tusizidi vijiko 6 hivi kwa siku kwa jumla, na chupa moja ya soda ya mililita 300 ina karibu 8. Nilishuka hadi vijiko viwili, baada ya mwezi kimoja. Ulimi huzoea. Soda tukaiacha kwa sikukuu.

Mafuta. Kijiko kimoja cha mafuta kina nguvu zaidi ya mara mbili ya kijiko hichohicho cha sukari. Mama watoto aliandika tarehe kwenye chupa ya mafuta kila alipoifungua. Ile iliyokuwa ikimalizika kwa wiki moja, sasa inakwenda wiki mbili. Viazi karai na bhajia tulikuwa tukila karibu kila jioni. Sasa ni Jumamosi tu.

Tui. Hakuna Mpwani atakayeacha nazi, wala sitamwambia aiache. Siku za kazi tunapikia tui jepesi. Tui zito ni la Jumapili.

Sahani. Nusu yake mboga, iwe mchicha, mchunga, mnavu au kisamvu. Robo wali au ugali, na robo samaki au mbaazi. Hapo mwanzo mimi nilikuwa na mlima wa wali na mboga kama pambo la pembeni.

Kuonja. Kwa anayepika, huu ni mtego. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mama watoto aligundua kwamba alikuwa akila mlo mzima jikoni, kisha akala mwingine mezani.

Angalieni jambo moja: hatukupika vyungu viwili. Mama kupika chakula chake kando, huku mume na watoto wakila chao, ni mzigo usiobebeka, tena humfanya ajione kama mwenye adhabu. Nyumba nzima ibadilike, au hakuna atakayebadilika.

Mwendo nao tuliufanya pamoja. Jioni dakika 30, siku tano kwa wiki, tukishuka hadi Shelly Beach na kurudi. Hizo ndizo dakika 150. Nawaambia kweli, tulizungumza njiani mambo ambayo hatukuwa tumeyazungumza kwa miaka.

MANENO YA WATU

Wako wanaoogopa kupungua kwa sababu ya majirani. Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1985 madaktari waliandika katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa mpya wilayani Rakai, Uganda, ambao wananchi waliuita "Slim" kwa jinsi ulivyokondesha watu. Ulikuwa ni ukimwi. Tangu hapo, katika nchi zetu, mtu akipungua watu hunong'ona. Mtu mmoja wa Magongo aliniambia alirudia kunenepa makusudi kwa sababu kazini waliuliza kama "anaumwa na kile kitu".

Upande mwingine, hapa Pwani mke akinenepa husemwa kwamba mumewe anamtunza. Mke akipungua, mume huonekana bahili. Hivyo huyu anasukumwa na kicheko cha mumewe, na yule anarudishwa na mnong'ono wa jirani. Mwili wake mwenyewe haumo katika hesabu!

Dawa ni mume na mke kuwa na neno moja. Jirani akiuliza, "Mbona mama watoto amekonda?", mume ajibu kwa furaha, "Sote wawili tunalinda presha zetu, hata mimi nitazame." Maneno hayo hufunga mdomo wa mtaa mzima.

AZIMIO LA MUME NA MKE

Mkitaka kuanza, fanyeni hivi.

1. Pimaneni kwa uzi nyumbani, kisha nendeni pamoja mkapimwe uzito, presha na sukari. Asiende mmoja akamwacha mwenzake.

2. Kila mmoja aandike lengo lake la asilimia 5, na mwenzake alijue. Lengo la siri ndilo lililomwangusha mama watoto.

3. Chagueni mambo mawili tu ya kubadilisha mwezi wa kwanza. Mkibadilisha kumi, mtayaacha yote kumi.

4. Pandeni mizani mara moja kwa wiki, siku ileile, mizani ileile, kabla ya kula. Mkijipima kila siku mtachanganyikiwa, maana maji ya mwili peke yake hupandisha na kushusha kilo moja au mbili.

5. Mwili wa mwenzako usitajwe mbele ya watu, hata kwa mzaha. Na faraghani, anza na sifa kabla ya shauri.

6. Msinunue vidonge wala majani ya kupunguza mwili kwa wachuuzi.

7. Mkishindwa kupungua, msiongezeke. Kwa mtu wa miaka hamsini, kukaa mwaka mzima bila kuongeza kilo ni ushindi.

Mtauliza sisi tulifika wapi. Baada ya mwaka, mama watoto alikuwa na kilo 78, nami 82. Sikukuu za Krismasi zilituongezea mbili kila mmoja, tukazitoa tena kufikia Pasaka. Presha yangu sasa huwa karibu 134 kwa 84, na bado natumia kidonge kimoja, sioni haya kukisema. Uzi wangu ukikunjwa bado haukutani, ila nafasi imepungua.

Gauni tulilipeleka kwa fundi cherehani, akalipunguza likawa nguo ya Komunyo ya Kwanza ya mtoto wa dada yake. Katika sherehe ya ndoa yetu mama watoto alivaa gauni jipya lililoshonwa kwa vipimo vyake vya siku hiyo. Nilisimama mbele ya watu walewale waliocheka, nikamwomba msamaha. Siku ya harusi tuliahidiana kupendana katika uzima na katika ugonjwa. Mwili wa miaka 45 nao ulikuwa ndani ya ahadi hiyo.

Maswali ya kuzungumza mume na mke, au katika jumuiya:

1. Je, niliwahi kusema neno juu ya mwili wa mwenzangu ambalo bado linamuuma? Nimemuuliza?

2. Uzito ninaoutaka ni wa afya yangu ya leo, au ni wa picha ya zamani?

3. Ni mara ya mwisho lini sote wawili tulipimwa presha na sukari?

4. Ni mambo gani mawili katika chungu chetu tunayoweza kubadilisha wiki hii?